Damu ya Mtoto na Umoja wa Ukoo

Huko Baraka ufukoni mwa ziwa Tanganyika, na juu milimani Fizi, kila mama ajua dalili za mtoto aliyepungukiwa damu: viganja vimepauka, macho hayana wekundu, anahema akitembea kidogo. Watu wa nyumbani husema, "Ni malaria," na mara nyingi wasema kweli. Lakini pengine mtoto hutibiwa malaria, huongezwa damu, na baada ya majuma machache amepauka tena. Damu yamtoka puani, na ngozi ina madoa mekundu. Hapo ndipo neno jingine huanza kunong'onwa: "Amelogwa." Twataka kueleza historia ya ugonjwa mmoja wa namna hiyo, ili wazazi wajue adui wao ni nani.

Mwaka 1888 mganga Mjerumani Paul Ehrlich alichunguza maiti ya mama kijana, mwenye mimba, aliyekufa kwa kuishiwa damu. Ndani ya mifupa hakukuta uboho mwekundu, ila mafuta ya manjano. Basi, uboho ndio shamba la damu. Humo huzaliwa chembe nyekundu zitiazo nguvu, chembe nyeupe zipigazo vita na maradhi, na zile ndogo zizuiazo damu isitoke ovyo. Shamba likikauka, zote tatu hupungua pamoja. Mwaka 1904 Mfaransa Chauffard aliupa ugonjwa huo jina la anemia aplastika.

Mwaka 1889 Adriano Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa uganga Malta, alifika Karema, ng'ambo ya ziwa. Alitibu watu huko mpaka uzee wake, akafa mwaka 1956. Lakini kwa ugonjwa huu hata mganga hodari kama yeye hakuwa na dawa, wala wenzake wa Ulaya hawakuwa nayo.

Msaada wa kwanza ulikuwa damu ya mtu mwingine. Mwaka 1901 Landsteiner alionyesha kwamba damu za watu zina makundi. Mwaka 1914, mjini Brussels, mganga Hustin alitumia dawa ya kuzuia damu isigande, akamwongeza mgonjwa. Kuanzia mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walisaidia hospitali ya Baraka kwa miaka mingi, na huko malaria ni ugonjwa mkubwa wa watoto. Mtoto wa malaria, akipona, uboho wake hutengeneza damu tena. Lakini shamba likiwa limekauka, damu ya kuongezwa ni kama maji ya mtungi: yafaa leo, kesho yamekwisha.

Tiba yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1972 mganga Thomas na wenzake, huko Marekani, walieleza jinsi walivyopandikiza uboho wa ndugu kwa wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1977, mjini Basel, mganga Speck alieleza tiba ya dawa itokayo katika damu ya farasi, iwatulizayo askari wa mwili. Maana leo twajua kwamba mara nyingi askari wa mwili wenyewe ndio wanaoushambulia uboho. Si jirani, wala si bibi mzee wa kijijini.

Hospitali ndogo haziwezi kazi hiyo. Lakini mwaka 2023 hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa mwingine wa damu. Ufundi huo, basi, umefika Afrika yetu ya Mashariki.

Sasa fikirini, enyi wazazi. Uboho ufaao hutafutwa kwanza kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila mmoja wao ana bahati moja katika nne ya kulingana na mgonjwa. Baba wadogo na shangazi hutoa damu katika akiba ya hospitali. Tena mganga aweza kuagiza damu yao apewe mgonjwa mwingine, ili mwili wa mtoto usije ukaukataa uboho wa ndugu yake. Mashtaka ya uchawi huwatawanya watu hao hao, saa ile ile wanapohitajiwa. Mtoto hufa katikati ya ugomvi.

Kazi nyingine ni ya kila siku. Msimpe mtoto vidonge vya sokoni: kloramfenikoli, kwa mfano, imejulikana tangu miaka ya 1950 kwamba kwa watu wachache huuharibu uboho, na aspirini huzidisha kutoka damu. Homa ikimpanda, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Tunzeni karatasi zote za vipimo.

Tusali kwa moyo, nasi tusimwache Mungu afanye peke yake kazi aliyotupa sisi. Ukoo ukikaa pamoja kando ya kitanda, hiyo nayo ni sala.