Matengenezo na Ukarabati: Istilahi za Mfuko wa Barabara

Katika mazungumzo ya kila siku, neno "matengenezo" hubeba kazi zote za barabara: kufyeka nyasi, kuziba mashimo, hata kujenga upya tabaka la lami. Sheria haina ulegevu huo. Mabadiliko ya mwaka 1998 yaliupa Mfuko wa Barabara wa Tanzania msingi wa kisheria, yakaagiza angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo, na zisizozidi asilimia 10 kwenye maendeleo ya barabara. Tangu hapo mipaka ya maneno imekuwa mipaka ya fedha.

Wakala wa Barabara, ulioanzishwa mwaka 2000, hupambanua matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu na ya sehemu korofi. Hii ya mwisho ni istilahi njema, kwani imechotwa katika lugha ya wananchi, ambao humwita korofi yeyote aletaye taabu.

Mfasiri aandikaye "ukarabati" mahali pa "matengenezo" huihamisha kazi, kwa kalamu tu, kutoka fungu kubwa hadi fungu dogo. Kwa hiyo twapendekeza "ukarabati" uhusu kuirejesha barabara iliyokwisha kuchakaa, na "matengenezo" yahusu kuizuia isichakae.