Akalabeth: mchezo wa mwanafunzi wa Texas uliozaa milki ya Ultima

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayohesabiwa leo kuwa mashina ya fani yake, ipo michache iliyotungwa bila mshahara, bila mtaji, na bila hata nia ya kuuzwa. Na katika hiyo michache, Akalabeth: World of Doom, ulioandikwa mwaka 1979 na Richard Garriott alipokuwa angali kijana wa sekondari katika jimbo la Texas, Marekani, unastahili kutajwa mapema. Ni mchezo wa kuigiza wahusika, ambamo mchezaji hujivika nafsi ya shujaa wa kubuni, akanunua silaha na masurufu, akashuka mapangoni kupambana na mazimwi. Wanaosimulia habari zake aghalabu humsifu kijana kwa kipaji chake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mwenye kuifuata historia hii hatua kwa hatua ataona pia mikono ya watu wazima waliomfungulia milango, na fadhila yao haifai kusahauliwa.

Garriott alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 4 Julai 1961, akalelewa karibu na kituo cha wanaanga kilichoko pembezoni mwa mji wa Houston, kwa kuwa baba yake, Owen Garriott, alikuwa mwanaanga wa NASA, ambaye mwaka 1973 aliishi siku 59 katika kituo cha Skylab. Mama yake alikuwa msanii. Mwaka 1974, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka kumi na mitatu, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uchezwao kwa karatasi, kalamu, dadu na usimulizi; na haukupita muda mrefu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois wakaanza kuigiza mapango yake katika kompyuta kubwa ya PLATO, wakati mwingine kwa siri, maana wakubwa wa mitambo hiyo waliifuta michezo kila walipoikuta.

Garriott hakuwa na PLATO. Alichokuwa nacho ni kambi ya mafunzo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, alikopelekwa kiangazi cha mwaka 1977, ambako vijana wenzake, waliokuwa wakicheza Dungeons & Dragons usiku, walimbandika lakabu ya British kwa namna yake ya kusalimu iliyowaelekea kuwa ya Kiingereza. Lakabu hiyo aliipenda, akaiongezea cheo, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Lord British.

Aliporejea shuleni aliwakuta wakuu wa shule wana teletaipu, yaani mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa mahali pengine, na hapakuwa na mwalimu wa kuifundisha. Aliwaomba wamruhusu kuwa na somo lake mwenyewe, lisilo na mtaala wala mwalimu, naye atimize sharti la kuwaonyesha programu alizoziandika. Nao, badala ya kumkatalia kwa kuwa jambo hilo halikuwa na mfano, wakamkubalia. Hapo akaanza kuandika michezo kwa lugha ya BASIC, akiipa majina ya mfululizo, D&D 1, D&D 2, na kuendelea hadi ikafika ishirini na minane. Mashine ile haikuwa na skrini, kwa hiyo kila hatua ya mchezaji ilichapwa upya karatasini, alama ya nyota ikiwa ukuta, nafasi tupu ikiwa ujia, na alama ya dola ikiwa hazina. Mchezaji akiandika amri yake, humbidi angoje kwa subira mpaka karatasi imweleze yaliyompata.

Baba yake, alipomsikia akitaka kompyuta ya Apple II, ambayo bei yake ilikuwa nzito hata kwa nyumba ya mwanaanga, alimwekea nadhiri: akiutengeneza mchezo mmoja ukamilike na ufanye kazi, atamlipia nusu ya gharama. Kijana alishinda, kompyuta ikaja, na mchezo wa ishirini na nane ukahamishiwa katika skrini yake kwa jina la D&D 28b, ambao baadaye ulipewa jina la Akalabeth, lililochukuliwa katika maandishi ya J. R. R. Tolkien.

Mchezo wenyewe unastahiki kutazamwa kwa karibu. Kwanza mchezaji huulizwa namba yake ya bahati, na namba hiyo haikuwa pambo, kwani kompyuta ilikokotoa kwayo nchi nzima, milima yake, miji yake na mapango yake, hata ikawa mwenye kutaja namba ileile huikuta nchi ileile. Kwa hila hiyo, mashine yenye kumbukumbu ndogo iliweza kubeba dunia nyingi bila kuzihifadhi. Kisha huchagua kuwa mpiganaji au mchawi, akaingia dukani kununua chakula, shoka, ngao, upinde au hirizi. Juu ya nchi aliiona ramani. Alipoteremka chini ya ardhi, kuta na milango zilichorwa kwa mistari mitupu, kama azionavyo mtu aliyesimama ndani yake. Huko alimkuta mwizi wa kumpokonya silaha, zimwi dogo la kumwibia chakula, na kiumbe kijigeuzacho sanduku la hazina ili amwue atakayelikaribia. Lakini adui mkali kuliko wote alikuwa njaa, kwa sababu kila hatua ilipunguza chakula, na kilipokwisha shujaa alikufa hapohapo, hata kama hakuna jeraha mwilini mwake.

Wakati wa likizo Garriott alifanya kazi katika duka la kompyuta la ComputerLand, na msimamizi wake, alipouona mchezo, alimshauri auuze. Mama akachora picha ya jalada. Karatasi za maelezo zikanakiliwa. Diski zikatiwa katika mifuko ya plastiki na kutundikwa ukutani. Walionunua dukani walikuwa wachache, ila nakala moja ilifika kwa kampuni ya California Pacific, ambayo iliuchapisha mchezo mwaka 1980 na kumlipa dola 5 kwa kila nakala; na kwa maelezo yake mwenyewe, nakala zilizouzwa zilifikia 30,000, yaani dola 150,000 zilizomfikia kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia Chuo Kikuu cha Texas.

Kutoka hapo milki ikaanza. Mwaka 1981 ilitoka Ultima ya kwanza, aliyoiandika akisaidiwa na rafiki yake Ken Arnold, na mapango ya Akalabeth yakatiwa ndani yake. Mwaka 1983, pamoja na kaka yake Robert na baba yao, alikuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya Origin Systems. Barua za wachezaji zikamzindua, kwani ndani yake alisoma jinsi walivyoshinda kwa kuiba na kuua watu wasio na hatia, naye katika Ultima IV ya mwaka 1985 akamwondoa adui mkuu wa mwisho, akaweka mahali pake fadhila nane, zikiwemo ukweli, huruma, haki na unyenyekevu, ambazo shujaa hana budi kuziishi ndipo ahesabiwe kuwa amefaulu. Mtu aliyewahi kuandika kwa ajili ya kuwafurahisha rafiki zake alikuwa amejifunza kwamba anao wajibu kwa wageni wasiomjua.

Ndiyo maana kazi ya ridhaa isidharauliwe. Shule ilimpa mashine na uhuru, baba akampa sharti la kulitimiza, mama akampa kalamu yake, na msimamizi wa duka akampa ukuta wa kutundikia bidhaa. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuandika mchezo ule, wala hakuna aliyehitaji kujua. Kijana mwenye shauku hutafuta elimu mwenyewe, ila nafasi ya kuitafutia ni mali ya wakubwa, nao wakimnyima, dunia haitajua kamwe ilichokikosa.