Chombo na Lugha Yake: Historia ya Nyenzo za Kujifunzia kwa Vijana wa Afrika Mashariki

Imezoeleka kudhani kwamba tofauti baina ya kijana aliye na kompyuta na yule asiye nayo ni jambo lililozuka juzi, pamoja na mashine yenyewe. Historia ya Kiswahili inaonyesha vingine. Kila nyenzo ya maarifa iliyofika katika eneo hili, tangu mtambo wa kupigia chapa hadi simu ya mkononi, ilikuwa na mlango wake, na mlango huo haukufunguliwa kwa vijana wote kwa kipimo kimoja. Aidha, kilichoamua nani aingie hakikuwa bei ya chombo peke yake. Lugha iliyobebwa na chombo, na hata hati iliyoandikia lugha hiyo, zilikuwa na uzito wake.

Mfano wa mwanzo ni wa Unguja. Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 na kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia mtambo wa chapa ambao mafundi wake walikuwa vijana waliokombolewa utumwani. Vijana hao hawakuwa na ukoo wala mali mjini, lakini ndio waliofundishwa kupanga herufi za risasi na kusoma vitabu vilivyotoka mtamboni. Mwaka 1888 shule ya Kiungani ilianza kutoa jarida lake, Msimulizi. Wakati huohuo, kijana wa mjini aliyepita chuoni kwa mwalimu wake, akaweza kusoma tenzi na kuandika barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, alikuwa nje ya mlango huo. Mambo yalipofika mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusimamia usanifishaji, tahajia iliyosanifiwa ilikuwa ya Kilatini tu. Msomaji wa jana akawa, mbele ya karani wa serikali, mtu asiyejua kusoma. Hakupoteza elimu yake. Chombo kilichopewa mamlaka ndicho kilichoacha kuitambua. Jambo hili halijapewa uzito linaostahili na wanahistoria wa elimu, ambao aghalabu huanza hesabu zao kwenye shule za serikali.

Redio ilikuwa na tabia nyingine. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miaka mingi kifaa chenyewe kilikuwa cha wachache. Hata hivyo, mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na takriban watu 2,000,000 walishiriki. Utaratibu wake unafaa kukumbukwa kwa undani. Haikutarajiwa kila nyumba iwe na redio. Watu walikusanyika katika vikundi chini ya kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka makazi. Redio moja ilihudumia kikundi kizima. Lugha ilikuwa Kiswahili kuanzia sauti ya mtangazaji hadi ukurasa wa kijitabu, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyehitaji kwanza kuvuka lugha ili aifikie maana. Walengwa walikuwa watu wazima, ni kweli, lakini vijana waliomaliza darasa la saba ndio aghalabu waliowasomea wazee vijitabu hivyo.

Televisheni haikuwa na bahati hiyo. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa miaka 20 hivi, mtoto wa Unguja na mtoto wa Bagamoyo, ambao baina yao pana mkono wa bahari tu, waliishi katika zama mbili tofauti. Kompyuta nayo ilikutana na amri ya mwaka 1974 iliyopiga marufuku uingizaji wake nchini Tanzania, amri iliyolegezwa hatua kwa hatua baadaye. Sababu za kuhifadhi fedha za kigeni zilieleweka. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba kompyuta ilipokuja kwa wingi katika miaka ya 1990 ilipitia soko, wala si shule ya umma. Ilifika kwanza maofisini, kwenye shule za kulipia na kwenye vibanda vya intaneti vya mjini. Na ilifika ikisema Kiingereza.

Hapo wanaisimu waliingia kazini, na si vibaya kukiri kwamba sehemu ya kazi yao ilikuwa ugomvi. Je, mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Vitabu vya Kenya vilielekea kwenye tarakilishi, Tanzania ikabaki na kompyuta, na kurasa nyingi za majarida zikatumika katika shauri hilo wakati shule nyingi zilizotajwa kwenye mifano hazikuwa hata na umeme. Kazi yenye faida zaidi ilifanyika kimya zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kukokotolea ambayo amri zake zote zilikuwa za Kiswahili. Ilithibitisha kwamba lugha haikuwa na upungufu wowote wa kuizuia kukaa ndani ya mashine. Lakini mwanafunzi aliyefungua programu hiyo katika shule ya sekondari ya Tanzania alikuwa akifundishwa masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Programu ikakosa darasa la kuishi.

Nyaya za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na matumaini yakapanda. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma, na zaidi ya 1,000,000 vilifikishwa. Kisha ukaja mwezi Machi 2020. Ugonjwa wa Uviko-19 ulifunga shule za nchi zote mbili. Tanzania ilifungua shule zilizobaki tarehe 29 Juni; Kenya iliwarudisha wanafunzi wa madarasa matatu mwezi Oktoba, na wengine wakangoja hadi Januari 2021. Vishikwambi vya Kenya vilikuwa mali ya shule, na shule zilikuwa zimefungwa. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kutoa picha: asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi walitumia intaneti, na asilimia 10.4 walitumia kompyuta. Jijini Nairobi watumiaji wa intaneti walizidi nusu. Mtoto aliyeambiwa asome kwa simu aghalabu aliingoja simu ya mzazi, iliyokwenda sokoni au shambani asubuhi na kurudi jioni bila chaji na bila bando. Msichana aliingoja pia zamu yake baada ya maji, kuni na mpishi. Vipindi vya redio viliwafikia wengi zaidi, lakini safari hii hapakuwa na kikundi, kiongozi wala kijitabu. Kila mtoto alisikiliza peke yake, na masomo mengi ya madarasa ya juu nchini Kenya yalikuwa kwa Kiingereza.

Simu hiyohiyo inatoa ushahidi wa pili. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, bibi ambaye hakumaliza shule ameweza kufuata maelekezo ya Kiswahili hatua kwa hatua, akatuma fedha na kusoma ujumbe wa kuthibitisha. Mjukuu wake wa kidato cha kwanza huko Tanzania, akishika simu hiyo kutafuta maana ya mmeng'enyo wa chakula, hulazimika kwanza kulijua neno hilo kwa Kiingereza, kwa kuwa ndilo atakaloulizwa katika mtihani. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, miaka mingi kabla mjukuu huyo hajazaliwa.