Deni la Ulingoni

Tarehe 28 Juni 1998, mjini Pittsburgh, Marekani, Undertaker alimtupa Mick Foley kutoka juu ya kizimba cha chuma, karibu mita 5, akaivunja meza ya watangazaji. Foley akapakiwa kwenye machela. Njiani akashuka, akarudi kupigana! Vijana wenzangu wakiona mkanda huo husema, "Hiyo geresha tu, mtu gani anaanguka vile halafu anainuka?" Mimi huwajibu: mshindi hupangwa, kishindo hakipangwi.

Siri ya kwanza ni ulingo. Chini ya turubai mna sponji nyembamba, mbao, kisha vyuma. Mbao hunesa na kumeza sehemu ya kishindo. Siri ya pili ni ufundi. Mwanamieleka hufunzwa kuangukia mgongo wote kwa mpigo mmoja, kidevu kifuani, viganja vikipiga sakafu, pumzi ikitoka. Kishindo kikienea mwili mzima, hapana kiungo kinachokibeba peke yake.

Lakini kuligawa deni si kulilipa. Tom Billington, Mwingereza aliyejiita Dynamite Kid, aliwasisimua Wajapani kuanzia 1981 kwa mapambano yake na Tiger Mask. Alipanda kamba ya juu, akaruka na kumshukia mwenzake kwa kichwa. Mwaka 1986 mgongo ukamgomea ulingoni. Kufikia 1997 alikuwa wa kiti cha magurudumu. Akafariki 2018, siku aliyotimiza miaka 60.

Chris Benoit wa Kanada alimhusudu tangu utotoni, akaiga hata ule mruko. Mwaka 2007, akiwa na miaka 40, alimuua mkewe na mtoto wao, kisha akajiua. Wataalamu walioupima ubongo wake waliukuta umeharibika vibaya, wakahusisha hali hiyo na kichwa kugongwa mara kwa mara. Sisemi hilo linaifuta damu ile. Nasema mgongo hufunzwa kuanguka, ila ubongo unaoelea ndani ya fuvu haufunziki. Hata WWE, kampuni kubwa ya mchezo huu, ilipiga marufuku kupigana viti vya kichwa mwaka 2010. Benoit alikuwa amekwisha kufa karibu miaka mitatu.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ukimwona jamaa anainuka, ndugu yangu, usidhani mwili umestahimili. Umekopa, na mdai hana haraka.