Afya ya Uzazi kwa Vijana, Mwanza

Huduma, sheria na harakati zinazowahusu vijana wa kanda ya Ziwa Victoria. Tanzania haina sheria mahususi inayotaka mzazi ajulishwe binti anapotaka kutoa mimba, kwa kuwa kutoa mimba kwenyewe ni kosa la jinai: Kanuni ya Adhabu, vifungu 150 hadi 152, humtishia mwanamke kifungo cha hadi miaka 7 na anayemtoa mimba miaka 14. Kifungu cha 230 hukinga upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Mvutano juu ya mamlaka ya mzazi umejitokeza kwingine. Hadi 2019 kijana chini ya miaka 18 alihitaji idhini ya mzazi au mlezi kupima VVU. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yalishusha umri hadi 15.

Mkoani Mwanza mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jumuiya 20 za vijijini, ulifundisha shule za msingi na kuwaandaa wahudumu wa zahanati kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Ujuzi uliongezeka, lakini maambukizi ya VVU na mimba havikupungua. Matokeo hayo ni ya thamani kuliko sifa nyingi za miradi.

Nchini kote, wanafunzi waliopata mimba walifukuzwa shule hadi Novemba 24, 2021, serikali iliporuhusu warejee baada ya kujifungua.