Mimbari ya Lakemba: Tashbihi, Tafsiri na Ghadhabu ya Umma, 2006

Mwezi wa Septemba 2006, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeanza, Sheikh Taj el-Din al-Hilali alitoa waadhi mbele ya waumini wapatao 500 katika msikiti wa Lakemba, kitongoji cha mji wa Sydney, Australia. Waadhi huo ulitolewa kwa Kiarabu. Waliouhudhuria waliusikiliza, wakasali, wakaenda zao. Na muda wa mwezi mzima ukapita pasipo kelele yoyote nje ya msikiti. Ndipo tarehe 26 Oktoba, siku chache baada ya Idi, gazeti la The Australian lilipochapisha sehemu zake kwa Kiingereza, na nchi nzima ikawaka.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha siasa au cha dini. Makala haya yanakusudia kukitazama kwa upande ambao haujatiliwa mkazo wa kutosha, yaani upande wa lugha. Sheikh na waliomtetea walidai kwamba lawama yote ilitokana na tafsiri mbovu na maneno kuondolewa mahali pake. Dai hilo ni la kiisimu, na kwa hiyo lafaa lipimwe kwa mizani ya wanaisimu. Ikumbukwe pia kwamba Kiarabu ni miongoni mwa lugha kuu za Afrika, na kwamba mhubiri mwenyewe alikuwa mwana wa Misri.

Mtu na mahali

Al-Hilali alizaliwa Misri mwaka 1941. Aliingia Australia mwaka 1982 akitokea Lebanon, akawa imamu wa msikiti wa Lakemba, unaosimamiwa na Chama cha Waislamu wa Lebanon. Katika miaka ya 1980 hotuba zake, hasa zile alizowashambulia Wayahudi, ziliifanya serikali ifikirie kumfukuza nchini. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka hiyo shirikisho la mabaraza ya Kiislamu nchini lilimpa cheo cha Mufti wa Australia, na mwaka 1990 akapata ukaazi wa kudumu. Mwaka 2005 alisafiri hadi Iraki kujaribu kumwokoa raia wa Australia aliyekuwa ametekwa nyara, jambo lililompatia sifa kidogo hata kwa waliomchukia.

Hali ya mji nayo haikuwa tulivu. Mwaka 2000 Sydney ilikumbwa na mfululizo wa visa vya ubakaji wa makundi, na baadhi ya wakosaji walikuwa vijana wa jamii za Kilebanoni. Kiongozi wao alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miaka 55, ambacho baadaye kilipunguzwa katika rufani. Kisha tarehe 11 Desemba 2005 watu wapatao 5,000 walikusanyika katika ufuo wa Cronulla, na baadhi yao wakawapiga waliodhaniwa kuwa Waarabu. Miongoni mwa visingizio vilivyotolewa kimoja kilikuwa kuwalinda wanawake wa ufuo huo. Kwa sensa ya 2006 Waislamu walikuwa 340,392, yaani asilimia 1.7 ya wakazi wote. Jamii hiyo ndogo ilikuwa tayari chini ya macho ya wengi.

Yaliyosemwa

Maneno ya Sheikh yalikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza ilikuwa hoja ya mpangilio wa maneno. Alieleza kwamba katika aya ya wizi, ya 38 ya Sura al-Maida, mwanamume anatajwa kabla ya mwanamke, ilhali katika aya ya zinaa, ya 2 ya Sura an-Nur, mwanamke ndiye anayetangulia. Akatoa katika mfuatano huo hukumu kwamba katika zinaa sehemu kubwa mno ya dhima, asilimia 90, ni ya mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye mwenye silaha ya ushawishi.

Ya pili ilikuwa tashbihi. Alimfananisha mwanamke asiyejifunika na nyama iliyowekwa barabarani au uani bila kifuniko, paka wakaja wakaila. Akauliza kosa ni la nani, la paka au la nyama, na mwenyewe akajibu kwamba tatizo ni nyama. Akaongeza kwamba lau mwanamke angalikuwa chumbani mwake, nyumbani mwake, ndani ya hijabu yake, lisingalitokea la kutokea.

Ya tatu ilikuwa dokezo. Alimtaja hakimu asiye na huruma ambaye humtwika mtu kifungo cha miaka 65. Ingawa hesabu haikuwiana na hukumu iliyotolewa, wasikilizaji wa Sydney hawakuhitaji kuambiwa kesi gani iliyokusudiwa. Dokezo hilo ndilo lililoyatoa maneno katika uwanja wa zinaa na kuyaingiza katika uwanja wa ubakaji.

Dai la tafsiri

Baada ya habari kuchapishwa, Sheikh alitoa taarifa. Aliomba radhi kwa kila mwanamke aliyeudhika, akasema kwamba nia yake ilikuwa kulinda heshima ya wanawake, na kwamba nia hiyo ilipotea kwa namna gazeti lilivyoyawasilisha maneno yake. Chama kinachosimamia msikiti nacho hapo mwanzo kilielekea kuikubali hoja kwamba hakufahamika.

Dai la namna hii si la kupuuzwa. Kila mfasiri ajua kwamba waadhi una sauti, ishara, vituo na mzaha ambavyo havipiti katika maandishi, na kwamba maneno yaliyokusudiwa waumini wa mwezi wa mfungo huwa na sura nyingine yakisomwa na mtu anayekunywa kahawa yake asubuhi. Lakini katika kisa hiki kulikuwa na njia ya kuhakikisha. Waadhi ulikuwa umerekodiwa, na idhaa ya SBS, yenye wajuzi wa Kiarabu, ilitoa tafsiri nyingine mbali na ile ya gazeti. Tafsiri hizo zilitofautiana katika uteuzi wa vitenzi na urefu wa sentensi; nyama, paka na kifuniko vilibaki vilevile katika zote mbili. Kosa la tafsiri huishia pale tafsiri ya pili inaposimama. Hapa ya pili ilisimama upande wa ya kwanza.

Uzito wa tashbihi

Kama kosa halikuwa la mfasiri, basi lilikuwa wapi? Elimu ya balagha yatoa jibu. Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078, alitofautisha tashbihi ya kitu kimoja kwa kimoja na ile ya tamthili, ambayo huchukua hali nzima yenye sehemu nyingi na kuilinganisha na hali nyingine nzima. Tashbihi ya Lakemba ni ya aina hii ya pili. Mwanamke ni nyama, mwanamume ni paka, vazi ni kifuniko, na jirani aliyeitupa nyama nje hana jina.

Athari ya mpangilio huo yatokea kabla ya msemaji kutoa hukumu yoyote. Nyama haina uhai wala hiari, haiwezi kudhulumiwa. Paka ana uhai, lakini hana akili ya kupambanua halali na haramu. Katika fikihi, dhima humwangukia mwenye akili timamu peke yake, na mnyama hana dhima. Kwa hiyo mfano huo ulimvua mwanamke utu, kisha ukamvua mwanamume dhima, na ulipokwisha kufanya hivyo hakubaki mtu hata mmoja wa kushtakiwa. Kuuliza kosa ni la nani baada ya hapo ni kuuliza swali ambalo jibu lake limekwisha kufichwa ndani ya mfano wenyewe.

Yafaa kulinganisha na usemi wa Waswahili unaoonya kutomkabidhi fisi bucha. Hapo pia yupo mnyama na ipo nyama. Lakini usemi huo huelekeza lawama kwa aliyemkabidhi fisi funguo. Haumtetei fisi, wala haujapata kuilaumu nyama. Vitu ni vilevile, mpangilio ni mwingine, na hukumu ni nyingine.

Hoja ya mpangilio wa aya

Hoja ya kwanza ya Sheikh ilikuwa na asili katika vitabu, na haki yataka jambo hilo lisemwe. Wafasiri wa kale walijiuliza kwa nini mwanamke ametangulizwa katika aya ya zinaa. Al-Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, alieleza kwamba jambo huanzia kwa mwanamke. Al-Qurtubi alitaja hali ya zama zile, ambapo zinaa ya wanawake wa aina fulani ilikuwa ya wazi na yenye kutangazwa. Basi Sheikh hakulizua swali.

Alichofanya ni kusimama aya moja mapema mno. Aya inayofuata mara moja katika sura hiyohiyo, ya 3, yaanza na mwanamume mzinifu; na al-Zamakhshari mwenyewe aliliona hilo akalitolea sababu nyingine. Zaidi ya hayo, aya ya 2 yatoa adhabu ileile kwa wote wawili, mijeledi 100 kwa kila mmoja. Asilimia 90 kwa 10 haimo ndani yake. Tena, kama kutangulia katika maneno ndiko kutangulia katika dhima, basi itazamwe aya ya 30 ya sura hiyo, ambamo wanaume Waumini ndio wanaoamrishwa kwanza kuinamisha macho yao; amri kwa wanawake yafuata katika aya ya 31. Na aya ya 33, ikiwazungumzia wajakazi waliolazimishwa kuzini, yawaahidi msamaha hao waliolazimishwa. Kipimo alichokitumia Sheikh, kikitumiwa katika sura nzima, chamrudia yeye.

Ghadhabu na njia zake

Waziri Mkuu John Howard aliyalaani maneno hayo kuwa ya kuchukiza na ya kulaumiwa. Pru Goward, kamishna wa masuala ya ubaguzi wa kijinsia, alisema kwamba maneno kama hayo ni uchochezi wa uhalifu, akataka Sheikh aondolewe nchini. Siku ya Ijumaa, 27 Oktoba, Sheikh alilakiwa msikitini na umati wa waliomuunga mkono. Alipoulizwa na waandishi kama angejiuzulu, alijibu kwamba angefanya hivyo baada ya dunia kusafishwa na Ikulu ya Marekani. Jibu hilo la kejeli liliimaliza athari ya radhi aliyoomba. Chama cha msikiti kilimzuia kuhubiri kwa muda wa miezi mitatu hivi, na wengi wakaona adhabu hiyo ni hafifu. Tarehe 30 Oktoba alizimia msikitini akapelekwa hospitali, kisha akaomba likizo isiyo na kikomo.

Ghadhabu hiyo ilikuwa na mikondo miwili iliyoonekana kama mmoja. Mmoja ulikuwa wa waliotetea haki ya mwanamke kutembea bila kuogopa. Wa pili ulikuwa wa waliotafuta hoja dhidi ya Waislamu wote, na ambao miezi kumi na moja tu iliyopita hawakuikemea Cronulla. Waliosimama mahali mikondo hiyo ilipokutana ni wanawake Waislamu. Mimbarini waliokuwa hawana hijabu waliitwa nyama. Barabarani waliokuwa na hijabu walitazamwa kana kwamba kitambaa chao ni saini ya kuyakubali maneno ya Sheikh. Wengi wao waliinuka kumpinga hadharani, wakijua kwamba kila neno lao lingechukuliwa na wale waliotaka kulitumia kwa shabaha nyingine. Huo ulikuwa ujasiri wa aina mbili kwa wakati mmoja.

Kisa hakikuishia hapo. Januari 2007, akizungumza katika televisheni ya Misri, al-Hilali alisema kwamba Waislamu wana haki zaidi Australia kuliko wale ambao wazee wao waliletwa kwa minyororo kama wafungwa, kwa kuwa Waislamu walijilipia nauli. Kelele zikaanza upya. Hatimaye, Juni 2007, baraza la maimamu wa nchi hiyo lilimteua Sheikh Fehmi Naji el-Imam wa Melbourne kuwa Mufti. Al-Hilali aliaga dunia mwaka 2023.

Radhi iliyosahauliwa

Katika taarifa ya kuomba radhi kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulizingatia. Sheikh alilaani ubakaji. Akasema pia kwamba wanawake katika jamii ya Australia wana uhuru wa kuvaa watakavyo, na kwamba wajibu wa mwanamume ni kuinamisha macho au kwenda zake. Maneno hayo yaliwiana na aya ya 30. Ndani yake mwanamume alirudishiwa akili na dhima yake, na mwanamke akarudishiwa hiari yake. Lau yangalisemwa mimbarini mwezi wa Septemba, mbele ya wale waumini 500, waadhi ungalikuwa mwingine.

Lakini yalisemwa kwa waandishi wa habari, kwa lugha ya taarifa, na hayakuwa na picha. Tashbihi ilikuwa na picha, nayo ndiyo iliyoshikamana na jina lake mpaka mwisho. Mhubiri huchagua mfano ili maneno yake yasisahaulike. Hivyo hawezi kulalamika pale yanapokumbukwa. Mfasiri wa Lakemba hakuongeza kitu katika nyama ile. Aliifunua tu mbele ya wasomaji ambao hawakuwamo msikitini, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wenyewe waliokuwa wakizungumzwa.