Nyeusi ilipogeuka waya wa moto

Mwaka 1960, fundi umeme wa London na mwenzake wa Ujerumani wangeonyeshwa waya mwekundu, mmoja angekimbilia kuzima swichi kuu na mwingine asingeshtuka. Kwa Mjerumani, nyekundu ilikuwa ethi, ule waya wa usalama unaofungwa kwenye bati la chombo. Kwa Mwingereza, nyekundu ilikuwa moto, yaani waya unaoleta umeme, nyeusi nyutro, yaani unaourudisha, na kijani ethi.

Kila mtu akiwa kwao hapakuwa na shida. Shida ilikuja vyombo vilipoanza kuvuka mipaka. Katika Uingereza ya wakati huo ulinunua pasi ikiwa na waya usio na plagi, plagi ya pini tatu ukaifunga mwenyewe mezani. Aliyepata pasi ya Kijerumani akafuata mazoea, nyekundu akaipeleka kwenye moto, alikuwa amelitia umeme bati zima. Fyuzi nayo haikatiki, maana umeme haujapata njia ya kwenda ardhini. Njia hiyo anakuja kuwa mtu wa kwanza kuishika.

Ndipo nchi za Ulaya zikatafuta rangi za pamoja. Ujerumani iliacha ethi nyekundu mwaka 1965. Moto ukawa kahawia, nyutro buluu, na ethi ikapewa michirizi ya kijani na njano. Hiyo michirizi naiona ndiyo akili kubwa kuliko zote katika mkasa huu: hata asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani, hali inayowapata wanaume wapatao 8 katika kila 100 wenye asili ya Ulaya, anaitambua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyaya za vyombo vya Uingereza zilikuwa zimebadilika. Za ukutani zikabaki nyekundu na nyeusi kwa zaidi ya miaka 30. Nazo zilikuwa na vituko vyake: kwenye swichi ya taa, waya mweusi unaorudi kwenye balbu huwa na moto taa ikiwashwa. Fundi alitakiwa kuuvisha kipande chekundu kama alama, wengi hawakujisumbua.

Kanuni mpya za nyaya za majengo zilitoka tarehe 31 Machi 2004, na kuanzia Aprili 2006 kazi mpya zote zikatakiwa kuzifuata. Kwa nyumba ya fezi moja, mambo mepesi. Kwenye fezi tatu ndipo kichwa kinapouma. Zamani fezi, yaani nyaya za moto, zilikuwa nyekundu, njano na buluu. Sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu. Maana yake nyeusi, iliyokuwa nyutro, imekuwa fezi, na buluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro. Rangi mbili zimebadilishana kazi ndani ya jengo moja! Waliotunga kanuni walilijua hilo, wakaagiza kibandiko cha onyo kwenye boksi la umeme popote nyaya mpya zinapokutana na za zamani.

Marekani haikuingia kwenye mpango huo wa rangi za Ulaya. Kule nyeusi ni moto, nyeupe ni nyutro, na ethi ni ya kijani au shaba tupu.

Afrika Mashariki tulirithi utaratibu wa Waingereza. Nyumba za zamani za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zina nyekundu na nyeusi ukutani, na birika la umeme linalochomekwa humo lina kahawia na buluu. Fundi anayeongeza chumba kwenye nyumba kama hiyo huunganisha vizazi viwili vya rangi, na kibandiko cha onyo ni nadra kukiona, kwa hiyo anayekuja baada yake huanza na testa.